Safari ya Mjini na Kurudi Nyumbani

  

Kila mmoja na ashike daftari lake na kalamu yake. Aliye karibu na taa ampishe mwenzake naye aone. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matano: safari, mji, makumbusho, asili, nchi. Mtayakuta maneno hayo katika maelezo yangu. Mkilisikia moja, litazameni ubaoni, mlisome kimoyomoyo.

Wengi wenu mmepata kuniuliza swali hili: “Mwalimu, mtu asiye na biashara Dar es Salaam, wala hana mgonjwa wa kumwuguza huko, ataifuata nini? Nauli ni kubwa, na shamba linangoja.” Swali hilo ni zuri. Sitalijibu kwa maneno ya kitabuni. Nitawaeleza habari zangu mwenyewe, hata zile ambazo sioni fahari kuzisema, kisha ninyi mtapima.

Mara ya kwanza nilipokwenda Dar es Salaam nilikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Nilikwenda kusomea stashahada chuo kikuu. Nilipanda basi Ngara alfajiri, kukiwa na ukungu. Kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Wakati ule mabasi ya abiria hayakusafiri usiku kucha, kwa hiyo tulilala njiani.

Tulipita Lusahunga, katika wilaya ya Biharamulo, tukaendelea hadi Kahama, Nzega na Singida. Migomba niliyoizoea ilikwisha. Nikaona majaruba ya mpunga, kisha mawe makubwa ya Singida na mashamba ya alizeti. Dodoma niliona mibuyu, na watu waliouza zabibu kando ya barabara. Morogoro niliona mashamba ya mkonge na milima ya Uluguru. Kila basi liliposimama, wauzaji walikuja madirishani na vitu vingine kabisa, na matamshi mengine kabisa, lakini lugha ilikuwa moja. Nilinunua karanga, nikarudishiwa chenji, nikatakiwa safari njema, na wala sikuhitaji mkalimani. Siku ile sikulifikiri sana jambo hilo. Nililifikiri baadaye.

Tulishuka Ubungo. Siku hizi mabasi ya mikoani huishia Mbezi, katika Kituo cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021, lakini wakati ule yalifika Ubungo. Nilistaajabu kwa wingi wa watu na magari. Nilifanya kama wageni wote wafanyavyo: nilishika mfuko wangu kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni jambo lililonipata. Katika wiki ya kwanza niliingia duka moja kununua sabuni. Mwenye duka alinisikiliza, akasema, “Wewe ni Mrundi?” Nikajibu, “Hapana, natoka Ngara.” Akasema, “Ngara ndiyo Burundi hiyo hiyo.” Watu waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, lakini moyoni niliumia.

Kuitwa Mrundi si tusi. Warundi na Wanyarwanda ni jirani zetu. Tunaoana nao, tunazikana nao, na Kihangaza chetu kinakaribiana sana na Kirundi. Lililoniuma ni kuambiwa kwamba katika nchi yangu mwenyewe mimi sina kwetu. Najua wengi wenu mmeulizwa swali hilo hilo, kwenye basi au kwenye meza ya ofisi.

Nilifanya nini? Nilijificha. Toka siku ile, nikiulizwa kwetu, nilijibu, “Bukoba.” Niliona ni rahisi zaidi, maana Bukoba kila mtu anaijua. Nikajitahidi kuyabadili matamshi yangu yafanane na ya watu wa mjini. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee wa Kizaramo. Wazaramo ndio wenyeji wa eneo lile tangu zamani. Mimi nilimwita babu, naye aliniita mjukuu wangu. Jumamosi moja aliniambia, “Mjukuu wangu, mwaka huu wote umekaa mjini, lakini mji hujauona. Vaa viatu twende.”

Kwanza tulikwenda Kariakoo. Aliniuliza kama najua maana ya jina hilo. Sikujua. Akanieleza kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918, Waingereza walichukua watu wengi sana kuwa wapagazi wa jeshi lao. Kambi ya kikosi hicho cha wapagazi ilikuwa mahali pale. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilipotamkwa Kiswahili likawa Kariakoo. “Basi,” alisema, “hapa unapokanyaga walilala watu kutoka kila upande wa nchi, na wengine hawakurudi kwao.”

Akanieleza habari za mji wenyewe. Zamani pale palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Mwaka 1961, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipata uhuru, na watu walimiminika mjini kutoka mikoa yote. Leo Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, lakini Dar es Salaam ndio mji mkubwa kuliko yote.

Kisha tulikwenda Makumbusho ya Taifa. Makumbusho ni nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale ili watu wavione na kujifunza. Nyumba ile ilifunguliwa mwaka 1940. Nilisoma humo habari za fuvu la kale sana lililofukuliwa katika bonde la Olduvai mwaka 1959.

Njiani babu alinionyesha picha za rangi kali, za tembo, ndege na chui. Picha za namna hiyo huitwa Tingatinga, na wageni hununua na kuzipeleka Ulaya. Nilidhani Tingatinga ni jina la mtambo. Kumbe ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, huko kusini. Alikuja mjini kutafuta kibarua, na karibu mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mbao laini kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo picha hizo ni alama ya mji wa Dar es Salaam. “Unaona?” babu aliniambia. “Unachokiita cha mjini, mwenyewe katoka shamba.”

Mwisho alinipeleka Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, kila moja kwa namna yake. Asili ni mahali jambo lilipoanzia. Tulipita nyumba moja baada ya nyingine, mpaka tukafika mbele ya nyumba ya Wahaya. Ni msonge wa nyasi kutoka kileleni hadi chini.

Babu akasema kwa furaha, “Haya, mjukuu wangu! Si ulisema kwenu Bukoba? Nikaribishe kwenu.”

Nilisimama mlangoni, nikashindwa kusema neno. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kutazama nyumba ile. Walikuwa wanapiga picha. Na mimi, mwaka mmoja tu kabla ya kuja chuoni, nilikuwa nimeibomoa nyumba ya bibi yangu iliyofanana nayo sana. Niliibomoa kwa mikono yangu kwa sababu niliona haya nayo. Miti yake tulipikia.

Nikamwambia kweli. “Babu, nilikudanganya. Kwetu si Bukoba, kwetu ni Ngara, mpakani. Na nyumba kama hii nimeibomoa mimi.”

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Kujenga nyumba ya bati si kosa. Bibi yako naye anataka kulala pakavu. Lakini hukumwuliza alivyoijenga ile ya kwanza, ndilo kosa lako. Na hilo la mpakani usilionee haya. Mpakani ni mlangoni. Umeona wapi nyumba ambayo mlango wake si mali yake?”

Ndugu wanafunzi, maneno hayo niliyachukua mpaka chumbani kwangu, na sikulala mapema. Nilikwenda mjini nikidhani nitauona utamaduni wa watu wengine. Nikakuta mji wenyewe umeshonwa kwa vipande vya kila mahali, na kipande cha kwetu nilikuwa nimekificha mimi mwenyewe.

Wakati wa likizo nilirudi nyumbani, nikaanza kutembea katika wilaya zetu kama mgeni. Nilikwenda Rusumo. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kutazama. Maji ya Ruvubu yanayotoka Burundi huungana na Kagera, yakaanguka Rusumo, yakaenda Ziwa Viktoria, na kutoka huko yakafuata Mto Nile mpaka Misri. Siku hizi pana mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Nilikwenda pia Biharamulo, nikalitazama boma la zamani la Wajerumani, lenye kuta nene, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee walionizunguka pale walijua habari za kazi ya kulazimishwa walizosimuliwa na baba zao. Ukutani sikuona maandishi ya habari hizo. Zimo vichwani mwa wazee tu.

Halafu nilikaa na bibi yangu. Nikamwuliza habari za mwaka 1994. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka huo, watu waliokimbia mauaji na vita vya Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Walikadiriwa kufika 250,000 katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Bibi alinieleza jinsi kuni zilivyokwisha, na maji yalivyokuwa shida, na jinsi alivyotoa maharage aliyoyaweka kwa mbegu akampa mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili. Nikamwuliza, “Bibi, mbona ulitoa mbegu?” Akajibu, “Watoto hawakuwa na msimu wa kungoja.”

Ndipo nilipoelewa. Nani asema sisi hatuna tulichoichangia nchi hii? Dunia ilipobisha hodi Tanzania mwaka ule, walioitika walikuwa watu wa Ngara.

Nilimwuliza pia jinsi alivyoijenga nyumba yake: miti gani, nyasi gani, nani alifunga kilele, mahali pa moto palikaa wapi, na ng'ombe walilala wapi. Niliandika yote katika daftari. Nilipomaliza, bibi alilishika daftari lile, akalifungua juu chini, akanirudishia. Akauliza, “Hayo uliyoandika ni yangu. Mimi nitayasomaje?”

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonileta katika kazi hii ya elimu ya watu wazima. Bibi yangu alifariki kabla hajajua kusoma, nami najilaumu kwamba sikuanza mapema. Lakini ninyi mpo, na madaftari yako magotini mwenu.

Basi nalijibu lile swali la mwanzo. Safari ina faida kama utakwenda na macho, na ulimi wa kuuliza, na kama utarudi. Ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, au Mwanza, au Bukoba, nenda. Isome tiketi yako mwenyewe: jina, tarehe, saa, na namba ya kiti. Soma vibao vya barabarani. Soma maneno yaliyoandikwa kwenye kanga za akina mama. Waamkie wazee na uwaulize mji wao ulianzaje. Ukiulizwa kwenu, sema Ngara, sema Biharamulo, kwa sauti ya kusikika. Anayeipenda nchi hana haja ya kuificha kona aliyotokea.

Na asiyepata nauli asisikitike. Rusumo ipo. Boma la Biharamulo lipo. Na katika darasa lako, mzee aliye karibu nawe sasa ni makumbusho ambayo hayana kiingilio.

Sasa kazi ya wiki hii. Mwalimu wa darasa atawasaidia.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini mwandishi alisema kwao ni Bukoba? Wewe ungesema nini?
2. Mzee wa Dar es Salaam alisema mpakani ni mlangoni. Mlango una kazi gani katika nyumba? Wilaya zetu zina kazi gani katika nchi?
3. Je, kubomoa nyumba ya nyasi ni kosa? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana wote wasikilizwe.

Kazi ya kuandika:
Muulize mtu mmoja mwenye umri kukuzidi jambo moja la zamani la kijiji chenu. Andika sentensi tatu. Usiogope makosa. Kisha mrudie aliyekueleza, umsomee. Kama naye hajui kusoma, mlete darasani Jumatano.