Upepo Mdogo Kulinda Bonde la Mkondoa



Kilosa haijasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukaacha familia nyingi katika mahema na kukata reli ya kati. Maji yale yalitoka mbali, upande wa Mpwapwa na Kidete. Kifaa cha kupima kina cha mto huko juu kingeweza kutoa taarifa mapema.

Kifaa cha namna hiyo huitwa kihisi. Hupima, kisha hutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Tatizo lake ni umeme. Nguzo za umeme hazifiki kila ukingo wa mto, betri huisha, na paneli ya jua hudhoofika siku za mawingu mazito, ambazo ndizo siku za hatari.

Hapo ndipo upepo unapoweza kusaidia. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukipita katika eneo la sentimita 10 kwa 10 hubeba takriban wati 0.4. Pangaboi dogo likinasa sehemu moja tu ya kumi, zitapatikana miliwati 40 hivi. Kihisi kinacholala muda mwingi na kuamka kila baada ya dakika 15 huweza kutosheka na chini ya miliwati 1.

Hata hivyo, upepo una masharti. Kasi yake ikipungua nusu, nguvu hushuka hadi moja ya nane, na pangaboi huweza kusimama kabisa. Kwa hiyo upepo upimwe kwanza, masika na kiangazi, usiku na mchana. Kisha utumike pamoja na jua na betri, wala usitegemewe peke yake.

Mikumi nako, barabara kuu hukatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na wanyama hugongwa na magari. Vihisi vya kuwatambua wanyama kando ya barabara vingekabiliwa na tatizo lilelile la umeme.

Lakini kihisi hakimwokoi mtu. Humwamsha anayepaswa kupiga mbiu. Kabla ya kununua kifaa chochote, kila kijiji kiamue: taarifa ikifika saa nane usiku, nani ataipokea, na nani atagonga milango?