Kompyuta ya mradi inapokuwa nzito: nani anakula bando letu?

Maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya kamati za sharika na wafadhili, Dar es Salaam



Tumeombwa tuzungumzie kompyuta. Tunajua somo hili baada ya chakula cha mchana linaleta usingizi, kwa hiyo tuanze na kisa.

Katika usharika mmoja wa hapa mjini, mtunza hazina ni mama anayeuza vitenge Kariakoo. Mchana kutwa yuko dukani, na usiku ndipo anapoandika hesabu za mradi wetu wa watoto yatima. Ndiyo maana kompyuta ya mradi iliwekwa nyumbani kwake. Ndani yake yamo majina ya watoto, shule zao, namba za simu za walezi, na kwa baadhi yao habari za ugonjwa ambazo walezi walitueleza kwa siri.

Mwaka jana kompyuta hiyo ilianza kuwa nzito. Barua pepe yenye kiambatisho kimoja ilichukua nusu saa kuondoka, na mara nyingine iligoma kabisa. Bando la mwezi likawa linaisha siku ya tisa. Kamati ikauliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, fedha za bando zinakwenda wapi. Kikao kilichofuata swali likarudi kwa sauti nyingine. Wapo waliosema wanawe mama wanaangalia sinema usiku. Mama akaanza kununua bando kwa mtaji wake wa vitenge, wala hakutuambia. Taarifa ya robo mwaka ikawafikia wafadhili wiki tatu baada ya tarehe, nasi ofisini tukaandika kwamba sababu ni "mtandao".

Ni kweli, wakati mwingine ni mtandao. Wenye umri wetu mnakumbuka miaka ya kabla ya 2009, ambapo mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ukurasa mmoja wa picha ulikupa muda wa kuchemsha chai. Mwaka huo mkonga wa SEACOM ulifika hapa Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Hata hiyo mikonga hukatika: tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilipata hitilafu baharini na nchi ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Siku hizo usimlaumu mtu wala mashine.

Lakini kipo kipimo rahisi ambacho hatukukifanya. Chukua simu yako, igawie kompyuta intaneti. Simu ikifungua ukurasa haraka, na kompyuta inayotumia intaneti hiyohiyo ikaburuta miguu, basi anza kuitazama kompyuta.

Kijana mmoja wa kwaya, fundi wa kompyuta, ndiye aliyekifanya. Kisha akafungua mipangilio ya mtandao, mahali Windows inapoorodhesha kila programu na kiasi cha data ilichotumia kwa siku 30. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na programu ambayo hakuna aliyeifahamu. Ilifanya kazi saa zote ambazo mashine ilikuwa imewashwa, hata mama alipokuwa amelala na kuiacha ikiwaka. Ilikuwa programu ya upelelezi. Kazi ya programu za aina hii ni kukusanya yanayoandikwa na yanayofunguliwa, yakiwemo maneno ya siri, na kuyapeleka kwa watu usiowajua. Safari hiyo ndiyo inayokula bando, na kazi hiyo ndiyo inayoifanya mashine ihemee.

Iliingiaje? Hapa, ndugu zangu, inabidi tujiseme wenyewe. Bajeti yetu ilikuwa na fedha ya kununua kompyuta ya mtumba na mashine ya kuchapia, basi. Leseni ya Windows haikuwa na hata shilingi. Muuzaji "akapiga Windows" ya bure, akaifungua kwa kraki, na ili kraki ikubali akazima kinga ya mashine. Mlinzi alikuwemo ndani ya Windows yenyewe bila gharama ya ziada, sisi tukamfukuza ili kuokoa fedha kidogo. Hatuwezi kuapa kwamba mdudu alitoka hapo na si kwenye flashi fulani, lakini mlango tuliuacha wazi wenyewe.

Fedha za mradi zilisalimika, kwa sababu akaunti ya benki inahitaji saini mbili. Majina ya watoto hatujui. Kazi ya usafi ilichukua siku mbili: nyaraka zilinakiliwa na kukaguliwa, mashine ikafutwa yote, ikawekwa Windows yenye leseni, na maneno yote ya siri yakabadilishwa kutoka kompyuta nyingine. Walezi tuliwaita na kuwaeleza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tulinde taarifa tunazokusanya, na mlezi mmoja alituuliza kwa upole kwa nini tuliziandika zote.

Mama alipomaliza kusikiliza maelezo ya fundi alisema neno moja tu: "Sasa mwandikieni mwenyekiti." Barua tuliiandika siku hiyohiyo, na mtaji wake umerudishwa.

Jambo la mwisho ni fedha. Kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani zinazouzwa kwa bei nafuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Usharika unaonunua mtumba uulize hilo kabla ya kulipa, au ukubali kutumia Linux, ambayo ni ya bure kihalali. Nanyi wafadhili, tunaomba mkiona mstari wa leseni na fundi msiukate kama gharama za utawala. Sisi wenyewe tuliukata kabla yenu.

Fomu mpya za bajeti ziko pale mlangoni, na mstari huo uko ukurasa wa pili. Tunapokea maswali.