Somo la Redio: Mkulima Aliyedai Kura Yake

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu. Somo la leo ni habari ya kweli ya mkulima mmoja wa Marekani. Sikilizeni kwa makini, maana habari hii yatuhusu sisi tunaojifunza kusoma tukiwa watu wazima.

Jina lake Bibi Fannie Lou Hamer. Alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Mississippi, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto 20. Wazazi wake walilima pamba katika shamba la mtu mwingine, wakigawana mavuno na mwenye shamba. Yeye alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Shule aliisoma miaka michache tu, maana kazi ya pamba haikumngoja.

Katiba ya Marekani ilikataza tangu mwaka 1870 mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini Mississippi ilitafuta njia ya kuikwepa. Aliyetaka kujiandikisha alipewa mtihani: anakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha aeleze maana yake. Mwandikishaji, ambaye ni Mzungu, ndiye aliyeamua nani ameshinda na nani ameshindwa. Basi kusoma, ambako ni ufunguo, kulifanywa kufuli.

Agosti 1962 Bibi Hamer alikwenda kwenye mkutano kanisani. Alikuwa na umri wa miaka 44, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba watu weusi wana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 ya mwezi huo watu 18 walipanda basi kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Bibi Hamer alishindwa mtihani. Wakati wa kurudi, polisi walilisimamisha basi na kusema rangi yake si halali. Dereva alitozwa faini, na abiria wakachanga fedha za kuilipa.

Jioni ile mwenye shamba alimwambia aende kufuta jina lake, la sivyo ahame. Bibi Hamer alijibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana huyo, bali kwa ajili yake mwenyewe. Akafukuzwa usiku ule ule, baada ya kufanya kazi pale miaka 18.

Je, alinyamaza? La. Alirudia mtihani, na Januari 1963 akashinda. Kisha akaanza kuwafundisha wenzake. Madarasa ya watu wazima ya namna hiyo yalianza mwaka 1957 katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, kwenye chumba cha nyuma cha duka. Mwalimu wa kwanza, Bernice Robinson, alikuwa msusi wa nywele. Aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujua nini, akaanzia hapo.

Juni 1963, akitoka kwenye mafunzo ya kazi hiyo, Bibi Hamer alikamatwa katika mji wa Winona, akapigwa vibaya sana gerezani. Figo zake ziliumia.

Mwaka 1964 yeye na wenzake waliunda chama chao, kwa sababu chama kikubwa cha jimbo kiliwafungia mlango watu weusi. Tarehe 22 Agosti, mjini Atlantic City, alisimama mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Alieleza aliyotendewa, akitaja mahali na tarehe. Nchi nzima ilimwona katika televisheni. Wajumbe wao walipewa viti viwili tu, wakavikataa. Mwaka ule hawakupata walichokidai.

Lakini mwaka 1965 ilitungwa sheria iliyoondoa mtihani ule. Kabla ya hapo, katika kila watu weusi 100 wa Mississippi waliofikia umri wa kupiga kura, hawakufika saba waliojiandikisha. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Bibi Hamer alifariki mwaka 1977.

Twajifunza nini? Taabu peke yake haizai kampeni. Wengi walifukuzwa mashambani, wengi walipigwa. Bibi Hamer aliitoa taabu yake hadharani, akaieleza kwa ukweli, na jirani akatambua kuwa ni taabu yake pia. Kisha walifanya kazi pamoja: kuchanga, kufundishana, kwenda nyumba kwa nyumba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa, mwalimu, zima redio ili darasa lizungumze.

1. Kwa nini mtihani wa kusoma ulikuwa kufuli?
2. Abiria wa basi walifanya nini dereva alipotozwa faini? Hilo laonyesha nini?
3. Ni taabu gani hapa kwetu ambayo kila mtu huiona kuwa yake peke yake? Andikeni sentensi tatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.