Mgeni na Jembe
Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kibabii



Nimepewa kusema nanyi juu ya jambo moja lenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kutokea. Watoto wetu walio katika vyuo vikuu wanatafuta nafasi ya kwenda ng'ambo, wakafanye kazi kwa miezi michache pamoja na vyama vinavyowahudumia vijana, nao wazazi wao hutujia ili tuwachangie nauli. Mlango wa pili ni wa kuingilia. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja kwetu kwa kusudi lilo hilo, na vikundi vyetu vya vijana, toka Bungoma hadi Kitale, huuliza kama wawapokee na kwa masharti gani. Tangu Kibabii ilipopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, milango yote miwili i karibu nasi kuliko zamani. Basi yatupasa kuwa na shauri moja.

Safari hizi si mpya. Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 wa Kenya walipanda ndege kwenda Marekani kwa jitihada za Bwana Tom Mboya na rafiki zake, na mamia wengine wakafuata. Mwaka 1960 alikwenda binti tumjuaye leo kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, na huko akawaona wenyeji wakishughulika kuisafisha hewa ya mji wao. Alirudi mwaka 1966, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya upandaji miti iitwayo Green Belt Movement. Hakutuletea miti ya Pittsburgh. Aliwahimiza kina mama wa vijijini waoteshe miche yao wenyewe, katika udongo wao wenyewe.

Katika kazi hiyo nawaomba mshike neno moja. Kina mama wale walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Kupanda ni kazi ya siku moja, hata mpita njia aweza kupanda. Kupona kwataka mtu wa kumwagilia maji, kufukuza mbuzi, na kuamka mapema wakati wa kiangazi. Kipimo hicho ndicho nitakacho tukitumie kwa wageni wetu na kwa watoto wetu.

Tutazame kwanza wageni. Uingereza ilianza kupeleka vijana wake wa kujitolea mwaka 1958 kwa njia ya chama kiitwacho VSO, na Marekani ikaunda Peace Corps mwaka 1961. Tangu mwaka 2011, kwa muda wa miaka kama kumi, palikuwa na mpango mwingine wa serikali ya Uingereza, ambao vijana wake wa miaka 18 hadi 25 waliishi katika nyumba za wenyeji kwa majuma kumi hadi kumi na mawili, wakifanya kazi bega kwa bega na vijana wa nchi ile. Norwei nayo ina idara iitwayo Norec, ambayo kazi yake ni kubadilishana: kijana wao huja huku, na kijana wa huku huenda kwao. Hapana shaka mipango hii imeleta mema mengi.

Lakini mgeni huondoka. Mwaka 2014 Peace Corps walisimamisha kazi zao hapa Kenya kwa sababu za usalama. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu wao zaidi ya 7,000 waliitwa kurudi kwao kutoka nchi zaidi ya 60. Hawakutuchukia, walitii wakubwa wao. Basi fikirini kikundi cha vijana ambacho mgeni ndiye mwandishi wake, ndiye mshika daftari la hesabu, na ndiye pekee ajuaye kuwaandikia wafadhili. Siku akiitwa kwao, kikundi hicho huwa kama nyumba ya msonge iliyong'olewa nguzo ya kati. Paa lake ni zuri bado, lakini limelala chini.

Wako watakaosema, "Mgeni ametoka mbali, tena labda ana fedha; tusimchoshe." Wahenga walikwisha kutujibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi huyu ana miaka ishirini. Amekuja kujifunza kazi, na chuo chake kitamtaka arudi na barua ya kushuhudia aliyoyatenda. Barua hiyo ataiandika nani? Ni ninyi. Kwa hiyo msimpokee kama mfadhili, wala msimdharau kama mtoto. Mpokeeni kama mwanafunzi wenu.

Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri manne.

Kwanza, kila mgeni afanye kazi moja na kijana wetu mmoja, na daftari la hesabu, funguo, na barua za kikundi zikae mkononi mwa kijana wetu. Mgeni na afundishe, asishike.

Pili, tumchangie nauli yule tu aliyekwisha kufanya kazi mwaka mmoja na kikundi cha hapa kwetu. Asiyepata kuwasimamia watoto wa mtaani kwake katika mchezo wa mpira, atawaeleza nini vijana wa Oslo au London? Naye akirudi, afanye kazi miezi mitatu na kikundi kilichomtuma, ili aliyoyaona yasibaki katika picha.

Tatu, fedha zisitoke mpaka chuo chake na chama kimwalikacho wamethibitisha safari kwa maandishi, na kila shilingi iwe na stakabadhi. Mnakumbuka jinsi wazazi wa jirani zetu wa Uasin Gishu walivyoandamana mwaka 2023, kwa kuwa walikuwa wamelipa fedha nyingi ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, na wengi hawakwenda. Baba asiuze shamba kwa ajili ya ahadi isiyo na karatasi.

Nne, miezi kumi na miwili baada ya mgeni kuondoka, au baada ya mtoto wetu kurudi, wajumbe wawili wa halmashauri wakitembelee kikundi kile, waone ni nini kilichopona. Je, kuku wangali wanatunzwa? Je, mahesabu yangali yanaandikwa? Habari hiyo, iwe njema au mbaya, ichapwe katika taarifa yetu ya mwaka, nasi tuisome sote.

Wanachama wenzangu, hatuwezi kuifunga milango hii, wala haifai. Kijana asiyetoka hudhani mji wake ndio dunia, na kijiji kisichopokea wageni hukosa habari. Lililo katika uwezo wetu ni kuamua nani ashike jembe, na nani ahesabu miche iliyopona.

Naomba kutoa hoja.