Hisa Zako Kampuni Inapofilisika
(Mazungumzo na darasa la ngumbaru)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa hili alituletea karatasi mbili ndani ya kitambaa. Ya kwanza ni hati ya hisa iliyoachwa na marehemu mumewe. Ya pili ni risiti ya mizani ya miwa ambayo haijalipwa. Kampuni yenyewe imefungwa. Akatuuliza, "Mwalimu, nasikia kampuni ina deni kubwa, na sisi tuna hisa humo. Je, watakuja kumchukua ng'ombe wangu?" Leo tujibu swali hilo.

Kwanza, hisa ni nini? Hisa ni sehemu ya kampuni. Ukinunua hisa, hukuikopesha kampuni. Umekuwa mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida, unaweza kupewa gawio. Ikipata hasara, hasara ni yako pia.

Tuchukue mfano wa kinu cha kusaga. Tuseme sisi watu 20 tunaunda kampuni. Kila mtu anatoa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 100,000. Halafu kampuni inakopa benki shilingi 150,000, na kinu kinakuwa dhamana. Biashara inakufa. Kinu kinauzwa shilingi 120,000. Nani anazichukua? Ni benki. Na bado inadai 30,000. Sisi wenye hisa hatupati hata senti.

Je, benki itakuja nyumbani kwetu kudai hizo 30,000? La. Katika kampuni yenye dhima ya kikomo, mwenye hisa aliyelipia hisa zake zote hupoteza zile fedha alizotoa tu. Ng'ombe, shamba na nyumba ni vyake. Lakini angalieni! Kama ulitia sahihi kuwa mdhamini wa mkopo, hapo unaweza kudaiwa. Basi soma kabla ya kutia sahihi. Ndiyo faida ya kisomo, sivyo?

Sasa tuutazame mstari wa malipo. Benki yenye dhamana huchukua mali iliyowekewa dhamana. Kwa mali nyingine, hulipwa kwanza gharama za kufilisi. Kisha mishahara ya wafanyakazi, kwa kiasi kilichowekwa na sheria. Kisha kodi za serikali. Kisha wadai wa kawaida. Mwenye hisa husimama mwisho kabisa. Kikibaki kitu, wenye hisa hugawana kwa kadiri ya hisa zao. Mara nyingi hakibaki kitu.

Mmeona sasa kwa nini zile karatasi mbili si sawa? Kwa hati ya hisa, mama yetu yuko mwisho wa mstari. Kwa risiti ya miwa, yeye ni mdai, naye yuko mbele ya wenye hisa. Basi asingoje hisa zilipwe. Aandike dai la miwa, aambatanishe nakala ya risiti, alipeleke kwa msimamizi wa mali ya kampuni kabla ya siku iliyotangazwa. Risiti yenyewe aitunze.

Je, hati ya hisa itupwe? Hapana. Mwaka 2006 maduka ya Uchumi yalifungwa, na uuzaji wa hisa zake sokoni ukasimamishwa. Mwaka 2011 zilirudi katika Soko la Hisa la Nairobi. Lakini si kila kampuni hufufuka hivyo. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia soko hilo mwaka 2001. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ilimweka meneja mrasimu, na uuzaji wa hisa ukasimamishwa. Hisa zikisimamishwa bado ni mali yako, ila huwezi kuziuza sokoni. Tena hisa hurithiwa. Mjane aende mahakamani kufuata urithi, jina lake liandikwe.

Mwisho, jihadharini na matapeli. Mtu akikwambia, "Nipe shilingi 1,000 nikakutolee pesa za hisa zako," usimpe. Usimpe hati pia. Muulize msajili wa hisa wa kampuni hiyo au wakala mwenye leseni.

Basi ndugu zetu, mkifika nyumbani fungueni masanduku. Someni karatasi zenu moja moja. Hii ni ya hisa, hii ni ya deni. Kila moja iwekeni mahali pake.