Leseni Huhesabu Mashine: Mfumo Endeshi Katika Kompyuta za Rwamgasa



Nianze na leseni ambayo ninyi wachimbaji wa Rwamgasa mnaijua vizuri kuliko mimi. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa miaka 7, kwa eneo lenye vigingi vyake. Mwamba ukikimbilia kwa jirani, huwezi kung'oa vigingi ukaufuata. Leseni ya mfumo endeshi wa Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani iko hivyohivyo. Imefungwa na mashine ile, hasa na madabodi yake. Mashine ikiuzwa mtumba, leseni humfuata mnunuzi. Mashine ikifa, leseni hufa nayo. Ile inayonunuliwa peke yake dukani huweza kuhamishwa, mradi iondolewe kwanza kwenye mashine ya zamani.

Mafundi wengi huogopa kisichoogopesha. Kutumia flashi moja kupiga Windows kwenye kompyuta 20 si kosa, ikiwa kila moja ina leseni yake. Kosa ni kuchukua ufunguo mmoja wa herufi na tarakimu 25 ukauingiza kwenye zote, au kutumia programu ya kuvunja kufuli ya leseni. Nchini kwetu Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, sawa na vitabu.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi uvunjaji huo hauna haja yoyote. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, watengenezaji wamekuwa wakihifadhi ufunguo ndani ya madabodi yenyewe. Fundi akiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kisha akaunganisha intaneti, kompyuta hujiidhinisha yenyewe. Kwa mashine za zamani zaidi, igeuze uitazame: stika ya leseni imebandikwa chini au ubavuni, pengine imefifia kwa kushikwashikwa. Lakini fundi mwenye flashi ya Pro hupiga Pro juu ya Home, halafu anavunja kufuli. Mteja aliyenunua mashine yenye leseni anarudi nyumbani na Windows isiyo na leseni, na hajui.

Tena programu hizo za kuvunja mara nyingi hukutaka kwanza uzime kingavirusi. Fikirini hilo linapofanyika kwenye kompyuta ya steshenari. Hapo mchimbaji huja kuomba leseni ya uchimbaji mtandaoni; hutaja namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na ya mlipakodi (TIN), huandika nywila, hupewa namba ya malipo. Kila anachokiandika kinapita kwenye mashine ambayo ulinzi wake ulizimwa kwa makusudi, kwa ajili ya programu isiyojulikana imetoka wapi. Mwenye duka anawajibika kwa wateja wale, hata kama hajui kompyuta imefanywa nini.

Shule zina mtego wao. Leseni za jumla za Windows, zinazonunuliwa kwa kompyuta nyingi pamoja, ni za kupandisha toleo tu. Kompyuta za msaada zilizokuja bila leseni halali ya awali hazihalalishwi nazo, na mwalimu mkuu aulize hilo kabla ya kupokea shehena.

Kwa maabara za shule nina msimamo: wekeni Linux, mfumo endeshi usiohitaji kununuliwa leseni. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, mnaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta moja au elfu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Uwezo wa kuwa na programu kwa lugha yetu tunao. Steshenari yenye leseni yake ya Windows ibaki nayo.

Ombi langu kwa mafundi ni hili: kwenye risiti andikeni toleo mlilopiga na leseni imetoka wapi, iwe madabodi, stika, au duka. Mteja naye aisome kabla ya kulipa.