Dawa Inapogoma, Mgonjwa Asihukumiwe Kwanza

Mgonjwa wa saratani ya damu akirudi kliniki hali imezorota, swali la kwanza huwa, "Dawa umekuwa ukimeza?" Si swali baya, kwa kuwa anayeruka dozi huupa ugonjwa nafasi. Linaloniuma ni kwamba huulizwa kwa sauti ya hukumu, hali jibu pengine limo ndani ya seli zake, kwenye protini.

Chukua lukemia iitwayo CML. Vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, ikazaliwa protini ya BCR-ABL, inayoziamuru chembe nyeupe zizaliane bila kukoma. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachoziba kishimo ambamo protini hiyo hupokelea nishati. Katika utafiti mkubwa wa walioanza nacho, takriban 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Mwaka huohuo wa 2001, mtafiti Charles Sawyers na wenzake walieleza kwa nini wengine dawa huwaacha njiani. Asidi amino moja tu, ya 315 katika mnyororo wa protini ya ABL, imebadilika: treonini imetoka, isolusini imekaa mahali pake, na kidonge hakipati tena pa kushika. Mgonjwa huyo hata ameze kila siku kwa saa ileile, haponi. Dasatinib na nilotinib, zilizofuata, nazo hushindwa hapohapo. Ponatinib, iliyoidhinishwa 2012, hufaulu. Seli nyingine zina P-glaikoproteini, protini ya kwenye utando inayotupa dawa nje kama baharia anayefua maji katika ngalawa inayovuja.

Kenya na Tanzania, wagonjwa wengi wa CML wamepata imatinib bure kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation. Msaada huo umeokoa watu, nami naushukuru kwa dhati. Kipimo nacho kinahitajika. Mashine za GeneXpert tulizonazo kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kupima kiasi cha BCR-ABL zikipewa katriji yake. Hazitaonyesha badiliko la 315, lakini zitamjulisha daktari kwamba dawa inalegea, kabla bandama haijavimba upya. Wizara za afya zinunue katriji hizo, na bima izilipie. Kusoma jeni zenyewe nako si ndoto: maabara ya KEMRI-Wellcome, Kilifi, ilisoma vinasaba vya virusi vya korona wakati wa janga. Ujuzi huo uwafikie na wagonjwa wa damu.

Na daktari aliye mbele ya mgonjwa ambaye dawa imemgomea, aagize kipimo kabla ya kuandika kwenye faili kwamba huyu hakufuata masharti.